Hakuna Aliyenituma

Lugoba, 12 Juni 2023

Dada Katarina,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Najua umeshasikia, maana watu wa Msata habari haiwalali mdomoni. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe, uyapate kwa mtu aliyekuwepo. Simu nimeiacha makusudi. Siku hizi pale ofisini kila mtu anaiokota simu ya mwenzake kama yake, na wewe ndiye uliyenizoesha barua tangu ulipokuwa chuo cha uuguzi.

Alhamisi tulilipua mwamba wa upande wa kusini. Mawe yakaruka mbali kuliko tulivyotarajia, na watu wetu wawili walikuwa bado chini, kwenye njia vinapopita vijiko vya kuchotea mawe. Ishaka, mtoto wa Mzee Mwinshehe, alifariki palepale. Mwinjuma, kiongozi wa kundi lao, amevunjika mguu na masikio yake yamekufa kwa kile kishindo. Ishaka tumeshamzika. Mungu amrehemu.

Wakaguzi wa usalama kazini walikuja Jumamosi. Niliyezungumza nao ni mimi, kwa sababu Mkurugenzi, Mzee Ashrafu, alikuwa amekaa kwenye gari anatetemeka kama ana homa. Nikawatembeza machimbo yote. Wakabonyeza king'ora cha kuonya watu kabla ya kulipua, kikalia mpaka mbuzi wa jirani wakakimbilia barabarani. Wakaandika wanayoandika, wakaondoka. Kazi haikusimamishwa. Tenda ya kupeleka kokoto za barabara bado ni yetu. Dada, sijawahi kujiona mtu mzima kama siku ile. Kuna familia nyingi zinakula kwa machimbo haya, na aliyezibeba mgongoni siku hiyo ni mimi, yuleyule mliyekuwa mnasema hawezi kutunza hata kuku.

Mwinjuma nasikia wamemhamishia hospitali yenu. Mwangalie. Ni mtu mzuri, ila mbishi kidogo.

Mdogo wako,
Pantaleo


Bagamoyo, 17 Juni 2023

Panta,

Milele amina. Marahaba. Poleni sana na msiba. Nimemwombea marehemu misa ya jana asubuhi.

Mwinjuma wenu yuko wodini kwangu, kitanda cha dirishani. Mguu umetiwa vyuma na utapona, ingawa atachechemea. Masikio daktari hana matumaini nayo. Tunazungumza naye kwa kuandikiana kwenye vipande vya karatasi, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa madaktari wetu wote. Sijamwona ubishi. Akiambiwa geuka anageuka, akiambiwa meza anameza.

Lakini kuna jambo limenisumbua. Jana alikuja Mzee Mwinshehe, baba yake Ishaka. Nilidhani amekuja kumjulia hali. Akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama kwa muda, kisha akaniambia mimi, "Mwambie nimekuja kumwona mtu aliyemuua mwanangu kwa ukaidi wake."

Nikamwambia, "Mzee wangu, huyu hasikii."

"Hata siku ile alijifanya hasikii," akasema, akatoka.

Mwinjuma aliona midomo ikitembea, akanisogezea karatasi ili nimwandikie kilichosemwa. Nikaandika, "Bado ana uchungu." Hakuniamini.

Ukaidi gani, Panta? Nani kawaambia watu wa huko kwamba Mwinjuma alikaidi? Wewe ndiye msimamizi wa zamu, utakuwa unajua. Likanushe, maana mtu huyu ataumwa mara mbili.

Dada yako,
Katarina


Wodini, Bagamoyo, 21 Juni 2023

Kwa Msimamizi Pantaleo,

Salamu nyingi. Namshukuru Mungu, mguu hauniumi tena kama mwanzo. Sista Katarina ananihudumia kama ndugu yake. Nilipojua kuwa ni dada yako nilifurahi.

Nimepokea barua ya kampuni. Inasema king'ora kililia mara tatu na mimi sikutii, wala sikuwaondoa watu wangu. Msimamizi, mimi sikukisikia. Nimelala hapa najaribu kukumbuka. Nakumbuka mtambo wa kusagia mawe ulikuwa unanguruma. Nakumbuka Ishaka alikuwa ananisimulia habari za posa yake, jinsi wajomba wa msichana walivyomhoji mpaka jasho likamtoka, nami nikamcheka. King'ora sikikumbuki kabisa.

Lakini wewe ulikuwepo na umesema kililia, na mimi nakujua. Mke wangu alipokuwa anaumwa ulinihamishia zamu ya asubuhi bila hata kuniambia, nisije nikaona kama nasaidiwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kunizulia. Kwa hiyo nimefikia mahali pa kuamini kwamba masikio yangu yalianza kuharibika kabla ya siku ile, na mimi sikujua. Nimekaa karibu na ule mtambo miaka mingi. Wahida anasema hapana, anasema nilikuwa nasikia hata akininong'oneza. Ila mke atasema nini?

Naomba uniambie. Uliwahi kuona dalili? Kuna siku uliniita nisigeuke? Kama ndivyo, niliwaongoza watu hali ya kuwa kiziwi, damu ya Ishaka iko kwangu, na nikitoka hapa nitakwenda kumwambia baba yake hivyo hivyo. Sitakulaumu kwa jibu lolote. Ninachotaka ni kujua tu.

Wako,
Mwinjuma


Lugoba, 26 Juni 2023

Kaka Mwinjuma,

Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri. Wenzako wote wanakusalimu.

Kuhusu ulichoniuliza. Masikio ya mtu wa machimbo hayamuagi mwenyewe yanapoondoka, yanapungua kidogo kidogo. Nakumbuka kuna siku nilikuita pale karibu na mizani ya malori, hukugeuka. Sikulitilia maanani wakati ule. Lakini usijitese. Hakuna anayesema ulikusudia. Yaliyotokea ni mipango ya Mungu. Wewe pona kwanza, na Mkurugenzi ni mtu wa huruma, atakuangalia.

Pantaleo


Bagamoyo, 30 Juni 2023

Panta,

Mwinjuma amenionyesha barua yako. Amenionyesha kwa shukrani. Alikuwa analia, lakini kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu ndani ya nyumba na sasa amekipata. Kisha akanipa karatasi aliyomwandikia Mzee Mwinshehe, ya kukiri kwamba mwanawe alikufa kwa uziwi wake, akaniomba niitume. Nimeiweka mfukoni mwa sare yangu. Siitumi.

Wahida alikuwa amekaa pembeni. Nilipotoka akanifuata mpaka kwenye korido. Ni mwanamke mpole, lakini siku ile alinishika mkono kwa nguvu. Akaniambia, "Sista, mume wangu anaongea na mimi gizani kwa sauti ndogo miaka yote ya ndoa yetu. Huyo kiziwi wanayemsema ni nani?" Halafu akasema kwamba kule machimboni watu wanajua king'ora kilikuwa kimekufa tangu kabla ya Pasaka, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Sitaki maelezo ya mizani. Wewe huwezi kukumbuka hata siku ya kuzaliwa kwangu, leo unakumbuka nani hakugeuka alipoitwa?

Nijibu neno moja. Kililia?

Katarina


Lugoba, 3 Julai 2023

Dada,

Hakikulia.

Sasa nisikilize kabla hujaanza kutembea huku na huku ukipiga visigino, nakujua.

Kilikufa kabla ya Pasaka kama alivyosema Wahida. Nilimwambia Mkurugenzi ana kwa ana. Akasema, "Panta, tenda ikipita tutanunua kipya." Nikamkumbusha tena, akasema yaleyale. Siku ya ajali malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabara kuu, akapiga simu kutoka Dar: "Lipueni sasa, mbona mnaniaibisha kwa wateja?" Nikapuliza filimbi kwa pumzi zangu zote. Nikatazama chini, sikuona mtu. Lakini filimbi mbele ya ule mtambo, dada, ni kama kupuliza chai ipoe. Nikampa mlipuaji ishara.

Tulipokwisha kuwatoa wale wawili, nilikwenda mwenyewe Chalinze nikamchukua fundi umeme, nikampakia kwenye pikipiki, akakifufua king'ora kabla wakaguzi hawajafika. Hakuna aliyenituma. Walipouliza, nikasema kililia mara tatu. Halafu nikaongeza kwamba Mwinjuma ana tabia ya kupuuza na nimeshamwonya. Hilo la pili hawakuniuliza. Lilitoka lenyewe, na nilipolisikia likitoka nikaona limekaa vizuri.

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia fahari. Mkurugenzi alinishika bega akasema, "Nashukuru, Panta. Usinieleze zaidi." Basi.

Unamjua huyu mtu. Baba alipofariki, nani katika wakubwa wetu wa kazi alikuja? Yeye peke yake. Alivua viatu akakaa kwenye jamvi na sisi mpaka matanga yalipoisha, akala tulichokula. Kampuni ya kwanza iliponitupa nje kama gunia bovu, yeye ndiye aliyeniokota. Ungekuwa wewe ungesimama umtazame anazama?

Na mimi sikupata kitu. Lizingatie hilo. Sikupandishwa cheo, sikupewa bahasha. Kama ni kujiokoa, ukweli ndio ungeniokoa, kwa sababu nilishatoa taarifa juu ya king'ora na aliyepuuza si mimi. Nilijichafua kwa ajili ya wengine, wote wanaokula kwa machimbo haya na watoto wao. Pima mwenyewe. Ishaka hafufuki. Masikio ya Mwinjuma hayarudi. Ukweli ungemrudishia nani nini?

Pantaleo


Bagamoyo, 7 Julai 2023

Panta,

Nimepima.

Unasema hukupata kitu, na unalisema kana kwamba ndilo linalokusafisha. Mimi naona ndilo lililokuponza. Anayeiba kwa ajili ya tumbo lake anajua kuwa ameiba, atajificha, ataona haya akikutana na mwenye mali. Wewe umeliiba jina la mtu ukampelekea bosi wako kama zawadi, na kwa kuwa umerudi mikono mitupu, unaitazama mikono unaona ni misafi.

Na hilo la kutotumwa. Ashrafu angekuita ofisini akakwambia, "Kamchafue Mwinjuma kwa wakaguzi," ungefanya nini? Nakujua mimi, nimekulea. Ungemwachia funguo mezani ukaondoka. Lakini hakukuambia. Kwa hiyo hukupata hata nafasi ya kukataa. Ulijiagiza mwenyewe, ukajitii, ukajipongeza.

Namkumbuka akiwa kwenye jamvi letu. Ubwabwa alioula niliupika mimi. Wema ule alitufanyia sisi, mimi na wewe, na ukitaka kuurudisha tuurudishe kwa vyetu. Mwinjuma hakuwepo kwenye jamvi lile.

Unauliza ukweli utamrudishia nani nini. Leo asubuhi Mwinjuma alikataa dawa ya maumivu. Aliandika, "Mpe mwingine, mimi acha niumie." Kule kijijini mama yake Ishaka akimwona Wahida anakuja kisimani, anaondoka na ndoo tupu. Wanawake wawili waliokopeshana chumvi tangu usichana wao! Hayo yote yanarudishika. Masikio hayarudi, lakini akili yake mwenyewe inaweza kumrudia, ajue kwamba ilikuwa nzima.

Ile karatasi yake ya kukiri nimeichana. Nilimwandikia kuwa nimeipoteza. Sasa na mimi nadanganya wagonjwa kwa ajili yako.

Sitakwenda kwa wakaguzi. Ningeweza, nauli ninayo na mdomo ninao. Lakini utakwenda wewe. Silisemi kwa kukutisha. Nasema kwa sababu ninakujua kuliko unavyojijua sasa hivi.

Katarina


Lugoba, 19 Julai 2023

Kwa Mkurugenzi, Mzee Ashrafu,

Shikamoo mzee wangu.

Naandika kwa sababu mara zote nilizokuja ofisini nimeambiwa una wageni, na ile siku uliyonipokea ulinisimulia habari za harusi ya binti yako, Samia, mpaka gari lako likaja. Nilielewa kwamba hutaki nilitaje jambo lenyewe. Sasa nalitaja.

Niliwaambia wakaguzi kwamba king'ora kililia. Hakikulia, na wewe unajua hakikulia. Niliwaambia Mwinjuma ni mkaidi. Si mkaidi. Mwinjuma yuko hospitali anaamini amemuua Ishaka, na baba yake Ishaka anaamini hivyohivyo.

Ninakuomba twende pamoja, mimi na wewe, tukaseme. Ukienda mwenyewe kabla hujaitwa, watu watakuheshimu. Unaweza kusema ulichelewa kununua king'ora kwa sababu ya hali ya kampuni, na ni kweli. Mimi nitasema niliyoyasema. Nitasimama karibu yako kama ulivyosimama karibu yangu baba yangu alipofariki. Wafanyakazi nitazungumza nao mimi, wananisikiliza.

Kama hutaki, nitakwenda peke yangu. Siwezi tena kukaa na neno hili. Nasubiri jibu lako mpaka mwisho wa mwezi.

Wako mtiifu,
Pantaleo


Dar es Salaam, 24 Julai 2023

Ndugu Pantaleo,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa masikitiko.

Naona ni vizuri tukumbushane mambo yalivyokuwa. Hakuna wakati wowote, kwa mdomo au kwa maandishi, nilipokuagiza kusema chochote kwa wakaguzi. Sikukwambia useme king'ora kililia. Sikukwambia umtaje Mwinjuma. Ulinieleza kuwa umelimaliza, nami nikakushukuru kama ambavyo mkubwa yeyote angemshukuru msaidizi wake, nikiamini umesema ulichokiona. Barua aliyopelekewa Mwinjuma iliandikwa kwa kufuata maelezo yako. Kama maelezo hayo hayakuwa sahihi, ni yako, na utayabeba wewe.

Nimekupenda kama mwanangu na sijabadilika. Lakini mwana hambebeshi baba mzigo alioufunga mwenyewe. Fikiria pia wenzako. Machimbo yakifungwa, watakuja kugonga mlango wako, si wangu.

Chukua likizo. Pumzika. Ukirudi tutaonana.

Ashrafu
Mkurugenzi


Lugoba, 31 Julai 2023

Kaka Mwinjuma,

Dada ameniambia umeruhusiwa kutoka hospitali na uko nyumbani, ndiyo maana naituma barua hii kwa mkono wa dereva anayepita huko kwenu.

King'ora hakikulia siku ile. Kilikuwa kimeharibika kwa muda mrefu na mimi nilijua. Nilipuliza filimbi, na mahali ulipokuwa hakuna mwanadamu ambaye angeisikia. Masikio yako yalikuwa mazima. Ulisikia kila kitu kilichokuwepo cha kusikia.

Niliwadanganya wakaguzi. Halafu nikasema wewe ni mkaidi, na hilo nililiongeza bila kuulizwa na mtu. Halafu ukaniandikia kwa imani, nami nikakuzulia habari ya kukuita karibu na mizani. Siku hiyo haikuwepo. Niliitunga nikiwa na kalamu mkononi.

Hukumuua Ishaka.

Leo asubuhi nimetoka kwa wakaguzi. Nimeyasema yote na kutia saini. Mmoja wao, mama mmoja mwenye miwani, aliniuliza mara mbili kama nimelazimishwa kuja. Nikamwambia sikulazimishwa kuja leo, na wala sikulazimishwa kudanganya siku ile. Akaweka kalamu chini akanitazama. "Basi kwa nini?" akaniuliza. Nikamwambia nilidhani naokoa kampuni. Akasema, "Mnasemaga hivyo nyote."

Kazi nimeiacha kabla hawajaniachisha. Machimbo yatafungwa mpaka ukaguzi mpya ufanyike, na fidia yako na ya familia ya Ishaka itaangaliwa upya. Sikuombi unisamehe. Nimeandika ili uijue akili yako kuwa ni nzima.

Pantaleo


Nyumbani, kijijini, 8 Agosti 2023

Pantaleo,

Sikuiti Msimamizi kwa sababu umeacha, na sikuiti kaka kwa sababu sijaamua.

Nimeisoma barua yako. Wahida aliichukua akaisoma kwa sauti, nami nikatazama mdomo wake, kisha nikaisoma tena. Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Kisha nikakasirika kama sijawahi kukasirika maisha yangu, nikatafuta kitu cha kuvunja, na kilichokuwa karibu ni gongo langu moja kati ya mawili. Nimelivunja. Sasa natembelea moja na bega la mke wangu.

Unajua ulilonifanyia? Si mguu, mguu ni jiwe. Nilikaa hospitali nikiyakana masikio yangu mwenyewe. Nilimkana mke wangu aliponiambia kweli, nikakuamini wewe. Nilimwomba radhi Ishaka kila sala kwa kosa ambalo sikulifanya. Sikusamehe. Labda iko siku, lakini leo haipo, na sitaki uje nyumbani kwangu kunililia.

Ila kuna kazi umeibakiza. Wakaguzi wako mbali, na walichoandika hakisomwi hapa kijijini. Wanaoninyooshea kidole wako hapa. Mzee Mwinshehe yuko hapa. Nilitaka kumpelekea barua yako, kisha nikasema hapana, hili si la kusomewa. Njoo umwambie mwenyewe. Mimi nitakuwepo, nitakaa karibu, lakini maneno utayatoa wewe.

Njoo Alhamisi ijayo. Ulale kwa balozi wa nyumba kumi, nimeshamwambia.

Mwinjuma


Lugoba, 20 Agosti 2023

Dada Katarina,

Shikamoo. Nimerudi. Nakuandikia yote, kwa sababu umenisubiri bila kunisukuma.

Huku Lugoba sina rafiki kwa sasa. Machimbo yamefungwa. Cosmas, mlipuaji wetu, ambaye nilimtetea kwa wakaguzi kwamba alifuata ishara yangu tu, tulipokutana stendi alivuka barabara. Mkewe hataki kuniuzia vitumbua. "Nenda kale ukweli wako," aliniambia mbele ya watu. Nikamwambia, "Sawa mama, nitakula." Sikuona haya. Nimejishangaa mwenyewe.

Alhamisi nilifika kijijini. Mwinjuma alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba ya Mzee Mwinshehe, mguu ameunyoosha. Hakunisalimu. Alionyesha mlango kwa kidevu.

Mzee alikuwa kwenye mkeka. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa mbali. Nikakaa chini, nikamweleza tangu mwanzo: king'ora, filimbi, fundi wa Chalinze, wakaguzi, na lile neno la ukaidi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Ashrafu hakukutuma?"

"Hakunituma."

"Hakukutisha? Hakukuahidi kitu?"

"Hapana."

Kisha akasema, "Ungesema umetumwa, ningekuelewa. Mtu hutumwa, akaogopa. Sasa wewe nikuweke wapi?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia Ashrafu atajibu yake ya king'ora, lakini hili la Mwinjuma ni langu mimi, na sikuja kumtupia mtu. Akanitazama, dada, mpaka nikadhani atanifukuza. Mwisho akasema, "Mimi nilikwenda Bagamoyo nikamtukana mtu aliyelala kitandani. Nilimtukana kwa mdomo wako." Akainuka, akatoka nje. Nilimsikia akimwita Wahida, akimwambia aje amwandikie mumewe maneno yake, kwa sababu yeye hajui kuandika vizuri na anataka radhi yake ifike ilivyo. Mimi nilibaki ndani. Hayo hayakuwa yangu ya kuyaona.

Kisha akarudi akaniambia, "Kesho Ijumaa. Watu wakitoka kuswali, utasimama nje ya msikiti useme. Waliolisambaza watakuwepo wote."

"Mimi Mkristo, mzee. Watanisikiliza?"

"Kwani ulipodanganya walikuuliza dini?"

Basi Ijumaa nikasimama. Wanaume walikuwa wanavaa viatu, wengine wameshaanza kuondoka. Wanawake walikuwa upande wa pili wa uwanja, na mama yake Ishaka alikuwa katikati yao. Nilisema kwa sauti ya machimboni, maana nyingine sina. Nikasema jina langu na kazi niliyokuwa nayo. Nikasema king'ora kilikuwa kimekufa na Mwinjuma hakukaidi lolote. Wakaacha kuvaa viatu. Kijana mmoja akanitukana tusi zito, na hakuna aliyemnyamazisha, nami nikaendelea. Nikasema, "Mwinjuma alikuwa anasikia vizuri kama ninyi. Aliyekuwa mwongo ni mimi."

Ndipo Wahida akapaza sauti kutoka upande wa wanawake, yule mpole uliyeniandikia habari zake: "Mmesikia?"

Wachache wakaguna.

"Nauliza mmesikia, ninyi mliokuwa mkimsema mume wangu?"

"Tumesikia," wakaitikia, wanaume kwa wanawake, na sauti ya mama yake Ishaka nikaitambua kwa kuwa ilikuja peke yake, nyuma ya nyingine zote.

Muda wote huo Mwinjuma alikuwa amekaa mbele, amenipa mgongo, amewageukia watu. Hakusikia neno langu hata moja. Alikuwa anazitazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa na haraka. Walipoitikia aliona midomo ikitembea pamoja. Akachukua gongo lake, akainuka, akanigeukia, na kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia akaniambia mbele ya uwanja mzima:

"Twende ukale. Kukusamehe bado."

Nikaenda, dada. Nikala.

Mdogo wako,
Pantaleo